Uji Niliommwagia Mbwa

Ninaandika haya nikiwa nimeshiba. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Nimekula viazi vitamu viwili na uji bakuli zima, mke wangu ameketi mbele yangu ananitazama kama askari anayelinda mfungwa, na nikimaliza ukurasa huu nitapanda baiskeli. Jina langu ni Paskali. Huku upande wa Basotu wananiita Bwana Chanjo, maana kazi yangu ni kuchanja mifugo, na nimeifanya tangu nikiwa kijana mwenye nywele zote kichwani.

Siandiki ili nionekane shujaa. Waliofanya la maana humu ni wanawake wawili na mbwa mmoja. Mimi ndiye niliyewasumbua.

Kazi ya chanjo inataka kuwahi. Ng'ombe wa Wadatoga hawamsubiri mtu. Jua likichomoza, miiba ya mlangoni inavutwa kando na kundi linatoka kwenda malishoni. Ukifika wametoka, siku yako imekufa, na barafu ndani ya boksi la dawa inayeyuka. Kwa hiyo miaka yote niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, boksi limefungwa kwenye karia ya baiskeli, tumbo likiwa tupu kabisa.

Tumbo tupu lile lilikuwa adabu. Ukimaliza kuchanja unakaribishwa, na unaletewa kibuyu cha maziwa chenye harufu ya moshi. Unatakiwa unywe kama mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kufika nikiwa nimeshiba chai na mkate. Nikanywa mafunda mawili, nikarudisha kibuyu. Mzee wa boma akanitazama sana.

"Kibuyu chetu ni kichafu?"

"Hapana, mzee wangu. Nimeshiba."

"Kumbe ulijua huku hakuna chakula."

Nilirudi nyumbani uso umenishuka. Tangu siku ile sikula tena kabla ya safari. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba tumbo langu la asubuhi ni mali ya wenyeji, na nilijivunia sana maneno hayo. Nilipanda vilima vya huku kwa miaka mingi, upepo ukinipiga kifuani, bila hata punje ya mahindi tumboni, na sikuwahi kuugua.

Kuna jambo la pili ambalo lazima niliseme, ingawa linanitia aibu. Nilikuwa mlevi. Wadatoga wanatengeneza pombe ya asali kwa shughuli zao za heshima, na wazee wao wanainywa kwa utaratibu. Mimi sikuwa na utaratibu. Nilikaribishwa kwa heshima nikaigeuza mazoea, na pombe ya asali ilipokosekana nilikunywa chochote kilichopita mbele yangu. Mke wangu Emiliana alivumilia, mwishowe akachoka. Akachukua watoto, akarudi kwao Mbulu, juu kule kwenye baridi. Nilikaa peke yangu miezi mingi nikila ugali na chumvi.

Niliacha pombe. Kaka zake wakakaa kikao, wakanisikiliza, akarudi. Lakini alirudi na neno moja. Aliniambia mbele yao wote:

"Sitakuuliza wala sitagombana na wewe. Siku nitakayosikia harufu mdomoni mwako, naondoka, na safari hiyo msinifuate."

Alikuja na begi la buluu lenye zipu mbovu. Hakulitoa nguo zote. Alilisukuma chini ya kitanda likiwa limejaa nusu, na likakaa pale. Kwa miaka sita kila niliporudi kutoka kazini alinifuata uani kunipokea boksi, na katika kulipokea alinusa mdomo wangu. Sikuchukia. Nilikuwa nimeyatafuta mwenyewe. Siku moja tu niliwahi kuinama kufagia chini ya kitanda, nikaona zile nguo zimekunjwa vizuri ndani ya begi, nikaacha kufagia.

Kisukari kilinianza kwa kiu. Nilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na usiku nilitoka kukojoa mara nne, mara tano. Sisimizi wakawa wanajaa pale nilipokojoa. Suruali zikalegea. Jipu likanitoka pajani likakataa kupona, likawa linatoa usaha wenye harufu mbaya hadi nikawa nakaa upande upande kwenye tandiko la baiskeli. Emiliana ndiye aliyesema basi sasa. Tukapanda gari hadi hospitali ya Haydom. Nilipimwa, nikaambiwa, nikapewa vidonge.

Nesi aliyenipa dawa alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo.

"Baba, hivi vidonge vinashusha sukari. Havijui kama umekula au hujala, vyenyewe vinashusha tu. Usimeze bila kula. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya, rudia nilichosema."

Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Emiliana alikuwa pembeni yangu, naye akasikia. Kwa hiyo hakuna mwingine wa kulaumiwa. Wengine wanasema hawakuelezwa. Mimi nilielezwa vizuri, nikaelewa vizuri, na nikaamua kufanya ninavyotaka.

Mahesabu yangu yalikuwa hivi. Nameza kidonge alfajiri ninapotoka. Baada ya saa moja na nusu niko kwenye boma, na maziwa ni chakula. Nani aliwahi kufa ndani ya saa moja na nusu? Nilisahau kwamba maziwa yanakuja baada ya kazi, na kwamba boma lenye ng'ombe wengi linakula asubuhi nzima. Pengine sikusahau. Mimi ni mtu mbishi. Niliona nikianza kula alfajiri nitakuwa nimekubali kwamba ni mgonjwa, na kwamba nimekuwa mzee.

Emiliana alianza kupika uji kila jioni. Aliutia kwenye chupa ya chai ili niukute wa moto alfajiri, kwa sababu naondoka mapema na yeye ana magoti yanayomuuma asubuhi. Uji wa ulezi, mzito, bila sukari, na maziwa kidogo. Nilikuwa naamka, nameza kidonge, nachukua chupa, natoka hadi nyuma ya jiko. Pale palikuwa na sufuria kuukuu. Namwaga uji karibu wote ndani yake. Mbwa wetu, Polisi, alikuwa anasubiri hapo mapema kuliko mimi. Halafu nachafua bakuli kwa uji kidogo na kijiko, naliacha mezani.

"Siku hizi unakula vizuri," Emiliana aliniambia.

"Ndiyo. Uji wako mtamu."

Polisi alinenepa hadi majirani wakauliza tunampa nini.

Sasa nielezee zile asubuhi, kwa sababu wapo watu wanaozipitia sasa hivi na hawajui ni nini. Mara ya kwanza nilikuwa navuta dawa kwenye bomba la sindano, mkono ukaanza kutetemeka. Nikatoka jasho, nalo la baridi, shati likashika mgongoni, wakati wenzangu wamejifunika shuka kwa upepo. Midomo ikafa ganzi. Moyo ukaenda mbio. Na nikawa na hasira, hasira isiyokuwa na mwenyewe, nikamfokea hadi ndama. Baadaye nikanywa maziwa, hali ikapita. Nikasema ni huo ugonjwa, utazoeleka.

Mara nyingine nilikuwa kwenye boma la Gidamis, mwanamume wa rika langu ambaye tumejuana tangu zamani. Nilimchanja mtamba mmoja mara mbili, nikataka kumchanja mara ya tatu. Gidamis akanishika mkono. Nikabishana naye kwa sauti. Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka yamevunjika, na miguu haikunyooka. Hayo yote nimesimuliwa. Mimi sikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni uso wa Gidamis baadaye, nilipokwisha kunywa maziwa na akili imerudi.

"Bwana Chanjo," aliniuliza taratibu, "leo umeamkia wapi?"

Alikuwa ananiuliza kama rafiki. Lakini kulikuwa na watu wengine pale, na watu wana midomo. Baada ya wiki mbili habari ilikuwa imefika mnadani, na kutoka mnadani ikaja hadi jikoni kwangu.

"Wanasema umerudia," Emiliana aliniambia. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua macho.

"Sijanywa."

"Najua. Nimekunusa kila siku. Sijasikia harufu. Lakini wanasema unayumba."

"Wanasema uongo."

Hapo ningeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Ningesema, mke wangu, sili asubuhi, nammwagia mbwa uji wako, na nahisi vibaya. Lakini ningelazimika kumwambia kwamba nimemdanganya kila siku kwa miezi, yeye aliyerudi kwangu kwa sababu niliapa nimeacha kudanganya. Nikatoka nje kuosha baiskeli. Akaendelea na maharage yake.

Kibaya zaidi, nilianza kujishuku mwenyewe. Mtu ambaye hakumbuki alichofanya saa mbili zilizopita anaweza kuamini lolote juu yake. Labda nakunywa kweli, nilijiambia, halafu nasahau. Nilikuwa nasimama njiani peke yangu, naweka kiganja mbele ya mdomo, napuliza, najinusa. Mzee mzima, katikati ya mashamba ya ngano, najinusa mdomo. Nililia siku moja pale. Sioni haya kulisema.

Siku ya ajali ilikuwa kipindi cha baridi, upepo unavuma kutoka upande wa mlima Hanang kama una ugomvi na mtu. Jana yake nilikuwa nimekula kidogo. Nikameza kidonge, nikammwagia Polisi uji, nikaondoka. Nilikuwa naenda kwa Gidamis kuchanja chambavu, ule ugonjwa unaovimbisha mapaja ya ng'ombe na kuwaua haraka, na alikuwa amekwisha kupoteza wawili. Upepo ulinipinga njia nzima. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zote, na kumbe kila nikikanyaga nilikuwa natumia sukari ile kidogo iliyobaki mwilini.

Kabla ya kuufikia mteremko wa boma, midomo ikafa ganzi. Nikajua hali imekuja. Nikaona moshi wa boma kule chini, nikasema si mbali, nitakunywa maziwa. Barabara ikawa mbili. Nikachagua ile ya kushoto. Nakumbuka nikicheka peke yangu, na sijui nilicheka nini. Baada ya hapo hakuna kitu.

Yaliyofuata niliambiwa na Gidamis. Waliona baiskeli inashuka bila breki, inaacha njia, inaingia korongoni. Walinikuta nimelala juu ya mawe, mkono uko chini ya mwili, mfupa wa bega umevunjika na kuinua ngozi. Meno mawili ya mbele yalikuwa yametoka. Nilikuwa nimejiuma ulimi na damu inatoka mdomoni, mwili unarukaruka, suruali imelowa mkojo. Vijana waliokuwa pale walisema, huyu leo amekunywa hadi amekufa.

Mama yake Gidamis, Bibi Udangashega, alikuja akitembea na fimbo yake. Yeye aliwahi kumuuguza marehemu mumewe kwa kisukari, akakaa naye wodini wiki nyingi. Akainama. Akanishika paji la uso, akanishika shingo, akaninusa mdomo katikati ya damu. Akasema kwa lugha yao, na Gidamis ndiye aliyenitafsiria baadaye:

"Mlevi ana joto. Huyu amelowa na ni wa baridi, kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Huyu hajala."

Wakataka kunimiminia maziwa. Akawakemea kwa fimbo. "Mtamzamisha!" Akaamuru nilazwe kwa ubavu. Akatuma iletwe ngozi ya asali, yaani mfuko wa ngozi wanamotunza asali ya kutengenezea pombe ya wazee. Akachovya kidole, akanipaka ndani ya shavu. Kidogo. Akangoja. Akapaka tena. Gidamis anasema mama yake alikaa pale chini kwenye mawe muda mrefu, kidole kikienda kwenye asali na kurudi mdomoni mwangu, na hakumsemesha mtu.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni bangili za shaba mkononi mwake, karibu kabisa na jicho langu. Cha pili kilikuwa maumivu ya bega, na siwezi kuyaeleza. Cha tatu ilikuwa sauti ya Gidamis akimpigia mke wangu simu: "Mama, njoo. Mzee ameanguka."

Emiliana alikuja kwa pikipiki, kanga mabegani, viatu tofauti miguuni. Hapo nilikuwa nimekwisha kufungua macho lakini maneno bado hayajakaa sawa. Alipiga magoti. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, na nikaona machozi yake. Halafu, kama alivyofanya kwa miaka sita, akasogeza uso wake kwenye mdomo wangu.

Nilikuwa nanuka asali. Asali iliyotoka kwenye ngozi inayokaa karibu na pombe, yenye ile harufu chachu anayoijua kuliko harufu nyingine yoyote duniani.

Nilimwona anavyobadilika. Machozi yalikauka palepale. Akaniweka kichwa chini polepole, akasimama.

"Mama, huyu hajanywa," Gidamis alimwambia.

"Na wewe ulikuwa unaniambia hivyo hivyo miaka ile," alimjibu.

Gidamis akarudi nyuma hatua moja, maana ni kweli. Enzi zile alikuwa ananitetea. Nami nilijaribu kusema, lakini ulimi ulikuwa umevimba na kukatika, na kilichotoka ni sauti ya mlevi kabisa.

Hakunitupa. Alitafuta gari, akanifikisha Haydom, akanishika njia nzima ili bega lisigongwe. Pale mapokezi akanikabidhi kwa nesi pamoja na shuka langu. Akasema, "Mgonjwa wenu huyu. Ni mlevi na ana kisukari." Halafu akaniangalia.

"Nilikuambia sitagombana na wewe," alisema. Akaondoka. Nilisikia kandambili yake moja na kiatu chake kimoja vikienda hadi mwisho wa varanda.

Nesi hakujali neno la ulevi. Alinitoboa kidole kwanza. Sukari ilikuwa chini sana hata baada ya ile asali. Wakaniwekea dripu. Mchana ikashuka tena, nikaanza kutokwa jasho na kuita watu waliokwisha kufa, wakaongeza dripu. Daktari, binti mdogo wa umri wa mwanangu, alinieleza kwamba vile vidonge vinakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo vinaweza kukuangusha, ukainuka, vikakuangusha tena.

"Shikamoo, mzee," alinisalimia asubuhi iliyofuata, akavuta kiti. "Jana ulikula nini kabla ya kupanda baiskeli?"

"Marahaba. Sikula."

"Na juzi asubuhi?"

"Sikula."

"Ni muda gani sasa huli asubuhi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kibuyu, uji, mbwa. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akasema, "Mzee, safari ijayo hatutakuwa na wa kumwuliza. Nyumbani una mtu wa kukaa na wewe?"

"Nilikuwa naye," nikasema.

Nilimpigia Emiliana kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa. Kwa siku tatu nilikuwa naangalia mlango wa wodi. Bega liliniuma, ulimi uliniuma, mapengo yalitoa damu kila nikimeza, lakini niliyemwogopa ni dereva wa basi la Mbulu, ambaye labda muda huo alikuwa anampakilia mke wangu begi lake.

Siku ya nne aliingia. Hakuwa na begi. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona, hata miaka ya pombe.

Alinisimulia huku amesimama. Alirudi nyumbani, akajaza begi, akalifunga kwa kamba kwa sababu ya ile zipu. Siku iliyofuata akatoka alfajiri kwenda kusubiri basi. Alipopita nyuma ya jiko Polisi akamfuata, akaketi pale, akamtazama, anapiga mkia chini. Emiliana hakuelewa. Mbwa akaenda kuligusa lile sufuria kuukuu kwa pua, akarudi kuketi. Emiliana akaliinua. Ndani mlikuwa na uji uliokauka, tabaka juu ya tabaka. Ulezi wake. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Alikaa pale chini hadi basi likapita.

Kisha akaliacha begi mlangoni, akaenda kwa miguu, na magoti yale, hadi boma la Gidamis. Bibi Udangashega akamwonyesha ngozi ya asali. Akamwonyesha na kidole.

"Kwa hiyo hukunywa," Emiliana aliniambia pale kitandani.

"Sikunywa."

"Ningefurahi, Paskali. Nilikuwa nakuja njiani najaribu kufurahi." Akaweka kontena la chakula juu ya kitanda. "Mimi nilikuwa nakunusa mdomo kila siku, kumbe ningenusa bakuli. Pombe naijua, naweza kuikimbia. Huu uongo wa uji naukimbia niende wapi? Nimekupikia kwa mikono yangu, ukaninywesha maneno."

Nilisema nisamehe. Akasema hajafika huko bado. Lakini akavuta kiti, akafungua kontena la chakula, akanilisha kwa kijiko kwa sababu mkono wangu ulikuwa umefungwa. Kila kijiko alihakikisha nimemeza. Ndivyo tulivyoanza upya, na haikuwa kwa utamu.

Walinibadilishia dawa na kunipangia saa za kula. Bega lilichukua muda, na hadi leo kukiwa na baridi linaniuma. Meno hayakurudi, ndiyo maana nikicheka naweka mkono mdomoni. Niliporudi nyumbani nilikuta begi la buluu liko pale pale mlangoni, limefungwa kamba. Hakulirudisha chini ya kitanda. Kila asubuhi niliamka, nikapima sukari, nikala mbele yake, nikameza dawa, na begi likitutazama. Magoti yanamuuma lakini aliamka. Hatukuongea sana. Nilikuwa naogopa kumwuliza begi linakwenda lini.

Siku niliporudi kazini kwa mara ya kwanza, nilifika kwa Gidamis nikiwa nimeshiba, na nilikuwa na wasiwasi juu ya kibuyu. Nikaanza kueleza. Bibi Udangashega akanikatiza kwa Kiswahili chake kichache.

"Wewe nyamaza. Kunywa kwanza. Kazi baadaye." Akanipa kibuyu kabla sijafungua hata boksi. Nilikunywa kidogo nikarudisha, na hakuna aliyeuliza kama ni kichafu. Miaka yote ile ningeweza kusema tu. Nilidhani nalinda heshima yao, kumbe nilikuwa nalinda kiburi changu.

Nawashukuru sana nesi yule mkali na daktari yule binti. Namshukuru bibi, ambaye kidole chake kilinirudishia uhai. Namshukuru Mungu aliyewaweka hao watu njiani. Polisi naye namshukuru, ingawa amekonda na ananiangalia vibaya.

Kwenu mnaotumia dawa za sukari na mnaamka mapema kwa kazi, awe ni wa maziwa, wa samaki, mwalimu, yeyote mwenye baiskeli: kula kwanza. Usiseme nitakula huko mbele, kwa sababu huko mbele unaweza usifike. Weka kitu kitamu mfukoni. Ukiona jasho la baridi, mkono unatetemeka, midomo inakufa ganzi, shuka kwenye baiskeli saa hiyo hiyo, ule hicho kitamu, ukae chini. Usiache dawa kwa kuogopa, rudi hospitali wakupangie. Na mkimkuta mtu anayumba asubuhi, msimcheke kabla hamjamuuliza kama amekula. Akiwa hana fahamu msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, mpakeni asali kidogo ndani ya shavu, mkimbizeni hospitali. Zaidi ya hayo yote, mwambie unayeishi naye ukweli, hata kama ni wa bakuli moja la uji.

Nimalizie na begi. Lilikaa mlangoni karibu wiki tatu baada ya mimi kurudi. Asubuhi moja nilipokwisha kula, Emiliana alilivuta, akafungua kamba, akatoa nguo zake moja moja akaziweka kitandani. Nilisimama nikiwa nimeshika boksi la dawa. Kisha akatia ndani chupa ya uji, viazi vitamu viwili vilivyofungwa kwenye kitambaa, na kikopo cha asali. Akalifunga tena kwa kamba, akatoka nalo, akalitundika kwenye usukani wa baiskeli yangu.

"Ukirudi nalo limejaa," aliniambia, "nitalijaza nguo."

Mpaka leo nalirudisha tupu.